Kuweka Malengo ya Maendeleo ya Kitaaluma kwa Mtoto wa Elimu Maalum: Mifano Kutoka Somo la Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna malengo ya maendeleo ya kitaaluma ya mtoto aliye katika elimu maalum yanavyowekwa, yanavyoandikwa na yanavyofuatiliwa. Mifano inayotolewa ni ya somo la Kiswahili katika shule za msingi nchini Kenya. Hoja kuu ni kwamba lengo lisilopimika halimfaidi mtoto, na kwamba lengo lililo chini mno humdhulumu sawasawa na lile lililo juu mno. Aidha, inadaiwa kuwa sifa za kiisimu za Kiswahili, hasa muundo wa silabi na uambishaji, zina nafasi kubwa katika uteuzi wa vipimo, na kwa hiyo mwanafunzi wa isimu ya Kiswahili ana mchango ambao mtaalamu wa elimu maalum pekee hawezi kuutoa.

1.0 Utangulizi

Suala la elimu ya watoto wenye mahitaji maalum limejadiliwa nchini Kenya tangu uhuru. Kamati iliyoongozwa na Ngala Mwendwa mwaka 1964 ilishughulikia malezi na urekebishaji wa watu wenye ulemavu. Mwaka 1984 vilianzishwa vituo vya kutathmini watoto na kutoa nyenzo za elimu, na mwaka 1986 ikaundwa Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya (KISE) ili kuwaandaa walimu. Elimu ya msingi bila malipo ilipotangazwa mwaka 2003, watoto wengi waliokuwa wamefichwa majumbani walifikishwa shuleni. Mwaka uo huo ilipitishwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na sheria mpya ya mwaka 2025. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu zilizojumuishwa katika jamii, kwa kadiri inayoafikiana na maslahi yake, pamoja na haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa.

Hatua hizi zote zimemfungulia mtoto mlango wa darasa. Hata hivyo, kuingia darasani ni jambo moja na kujifunza ni jambo jingine. Mtoto anaweza kukaa kwenye dawati miaka minane, akapandishwa kutoka gredi moja hadi nyingine, na akatoka bila kuweza kusoma jina lake mwenyewe. Tofauti kati ya mtoto huyo na yule aliyejifunza haitokani na wema wa mwalimu peke yake. Mara nyingi hutokana na kuwapo au kutokuwapo kwa malengo yaliyowekwa kwa ajili yake, yakaandikwa, yakafuatiliwa na kurekebishwa. Hati inayobeba malengo hayo hujulikana kama mpango wa elimu wa mtu binafsi. Makala haya yanajikita katika kiini cha hati hiyo, yaani lengo lenyewe.

2.0 Dhana ya Lengo

Katika mazungumzo ya walimu, maneno dhamira, azma, lengo na shabaha hutumiwa kwa kubadilishana. Kwa madhumuni ya elimu maalum ni vyema kuyatofautisha. Nomino lengo imetokana na kitenzi kulenga, na anayelenga hana budi kukiona anachokilenga. Shabaha vilevile ni ile alama ambayo mpigaji huikusudia: ama ameipiga, ama ameikosa. Maneno haya mawili, kwa asili ya matumizi yake, yanadai jambo linaloonekana na linaloweza kuamuliwa. Azma na dhamira, kwa upande mwingine, hukaa moyoni mwa mwenye kuazimia. Katika makala haya, lengo litamaanisha matokeo yanayotarajiwa baada ya mwaka mzima wa masomo, na shabaha itamaanisha hatua fupi za kufikia lengo hilo, kwa mfano za muhula mmoja.

Kwa msingi huu, kauli kama "mwanafunzi ataboresha usomaji wake" ni azma njema lakini si lengo. Haielezi anasoma vipi sasa, atasoma nini, kwa kiwango gani, wala lini. Mwishoni mwa mwaka mwalimu mmoja atasema ameboresha na mwingine atasema hakuboresha, na wote wawili watakuwa na haki. Robert Mager, katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu uandishi wa malengo ya ufundishaji, alisisitiza mambo matatu: kitendo kinachoonekana, mazingira ambamo kitendo kitatendwa, na kigezo cha kukubali kuwa kimetendwa vya kutosha. Ingawa Mager hakuwa akiandika kuhusu elimu maalum, mambo hayo matatu ndiyo yamekuwa uti wa mgongo wa malengo ya mtoto mmoja mmoja.

Haja ya kuweka malengo yenye uzito ilidhihirishwa na historia ya kisheria ya Marekani, ambako mpango wa mtu binafsi ulifanywa kuwa wajibu wa kisheria kupitia sheria ya mwaka 1975. Mwaka 1982, katika kesi ya Rowley iliyomhusu msichana kiziwi, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kuwa shule inapaswa kumpa mtoto manufaa ya kielimu, bila kulazimika kumfikisha kwenye upeo wa uwezo wake. Baadhi ya mahakama za chini zilielewa kuwa manufaa madogo tu yanatosha. Suala hilo lilirudi mwaka 2017 katika kesi ya Endrew F., mtoto mwenye usonji kutoka jimbo la Colorado. Wazazi wake walilalamika kuwa malengo yaliyoandikwa katika mpango wake yalikuwa yakirudiwa takriban yale yale mwaka baada ya mwaka. Mahakama ilikubaliana kwa kauli moja kwamba mpango lazima uundwe kwa namna inayoweza kumwezesha mtoto kupiga hatua zinazoafiki hali yake, na kwamba maendeleo yanayozidi chembe kidogo tu hayatoshi. Kesi hiyo haina nguvu ya kisheria nchini Kenya. Funzo lake, hata hivyo, linavuka mipaka: lengo linalonakiliwa kutoka faili la mwaka jana ni ushahidi kwamba mtoto hakufundishwa, au kwamba alifundishwa lakini hakuna aliyeangalia.

3.0 Kiwango cha Sasa kama Msingi wa Lengo

Hakuna safari inayopimwa bila kujua mahali ilipoanzia. Kabla ya kuandika lengo lolote, mwalimu anahitaji kueleza kiwango cha sasa cha mtoto kwa maneno yanayothibitika. Kauli kwamba mtoto "ni mzito" au "yuko nyuma" haimsaidii mtu yeyote. Kauli kwamba anasoma silabi za konsonanti na irabu bila kosa, anakwama kwenye silabi zenye konsonanti zaidi ya moja, na husoma maneno 12 sahihi kwa dakika katika kifungu cha Gredi ya Pili, inamwambia mwalimu aanzie wapi kesho asubuhi.

Maelezo ya kiwango cha sasa yanapaswa kubainisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni kile ambacho mtoto anaweza kukifanya peke yake. La pili ni kile anachoweza kukifanya akisaidiwa. Mwanasaikolojia wa Urusi, Lev Vygotsky (1896-1934), ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ilihusu watoto wenye ulemavu, alionyesha kuwa nafasi iliyo kati ya mambo hayo mawili ndimo mafunzo hutendeka. Kwa mwandishi wa malengo, maana yake ni kwamba lengo zuri huchotwa katika nafasi hiyo. Lengo lililo ndani ya yale ambayo mtoto tayari anayaweza ni la kupoteza wakati. Lililo nje ya msaada wowote ni la kumvunja moyo.

Tahadhari nyingine inahusu lugha ya kwanza ya mtoto. Katika mazingira ya Kenya, watoto wengi hukutana na Kiswahili rasmi kwa mara ya kwanza shuleni. Mtoto anayesema kura badala ya kula kwa sababu lugha yake ya kwanza haitenganishi sauti hizo mbili hana ulemavu wa usemi. Anaathiriwa na lugha mama, sawa na wenzake wote wa eneo hilo. Akiandikiwa lengo la tiba ya matamshi, atakuwa amepewa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Njia rahisi ya kuepuka kosa hili ni kuuliza kama tatizo hilo linaonekana pia katika lugha yake ya kwanza. Lisipoonekana huko, suala ni la ufundishaji wa lugha ya pili wala si la elimu maalum.

4.0 Vipengele vya Lengo Lililoandikwa Vyema

Lengo kamili lina vipengele vitano: mtendaji, mazingira, kitendo, kigezo na muda. Chukulia mfano wa mwanafunzi wa kike wa Gredi ya Nne mwenye matatizo ya kusoma, ambaye kiwango chake cha sasa ni yale maneno 12 kwa dakika yaliyotajwa hapo juu. Lengo lake la mwaka linaweza kuandikwa hivi:

Kufikia mwisho wa wiki ya 30 ya masomo, mwanafunzi akipewa kifungu cha Gredi ya Pili ambacho hajawahi kukisoma, atasoma kwa sauti maneno 30 sahihi kwa dakika, bila kufanya makosa zaidi ya mawili, na atajibu kwa usahihi maswali 4 kati ya 5 ya ufahamu, katika vipimo vitatu mfululizo.

Kila sehemu ya kauli hii ina kazi yake. Maneno "ambacho hajawahi kukisoma" yanazuia mtoto kukariri kifungu kimoja na kuonekana msomaji. Maswali ya ufahamu yanazuia kasi isiyo na maana. Sharti la vipimo vitatu mfululizo linaondoa bahati ya siku moja njema, kadhalika hofu ya siku moja mbaya.

Kitendo kinapaswa kuelezwa kwa kitenzi kinachoonekana au kusikika. Vitenzi kama kusoma, kutaja, kuandika, kuonyesha, kupanga na kutunga hukubalika. Vitenzi kama kuelewa, kufahamu, kujua na kuthamini havipimiki mpaka vigeuzwe kuwa tendo. Tuseme ufundishaji wa ngeli. Kauli "mwanafunzi ataelewa ngeli za A-WA na KI-VI" inaweza kugeuzwa ikawa: mwanafunzi akipewa picha 10 za viumbe na vitu, atatunga kwa mdomo sentensi moja kwa kila picha, akitumia upatanisho wa kisarufi sahihi katika sentensi 8. Ikiwa picha za kipimo ni tofauti na zile za mafunzo, matokeo yataonyesha kama mtoto ameipata kanuni au amekariri "kiti kimevunjika" kama wimbo.

Kigezo nacho kinahitaji kufikiriwa, kwa maana kuna mazoea ya kuandika asilimia 80 kwa kila lengo. Kwa utungaji wa sentensi, asilimia 80 ni kiwango cha kuridhisha. Kwa kijana anayejifunza kulitambua neno HATARI kwenye kikingi cha umeme au SUMU kwenye chupa, kukosea mara mbili kati ya kumi ni msiba. Kigezo hufuata matokeo ya kukosea, si mazoea ya ofisi.

5.0 Nafasi ya Sifa za Kiswahili katika Uteuzi wa Vipimo

Nadharia nyingi za matatizo ya kusoma zimejengwa juu ya Kiingereza, lugha ambayo herufi zake na sauti zake zimefarakana. Kiswahili ni tofauti. Irabu zake ni tano, na kila moja husomwa kwa namna moja. Silabi zake nyingi ni huru, yaani huishia kwa irabu, isipokuwa katika maneno ya mkopo kama daftari, labda na maktaba. Tofauti hii ina athari tatu kwa mwandishi wa malengo.

Kwanza, utafiti katika lugha zenye maandishi yanayoafikiana na sauti, kama vile Kijerumani, Kiitaliano na Kifini, umeonyesha kwamba mtoto mwenye disleksia huweza kusoma maneno mengi kwa usahihi lakini kwa kasi ndogo mno. Kiswahili kimo katika kundi la lugha hizo kwa tabia ya maandishi yake. Mwalimu anayepima usahihi pekee atamwona mtoto anayesoma silabi moja moja bila kosa na kuamini kuwa hana tatizo. Lengo la usomaji wa Kiswahili linahitaji kipimo cha kasi pamoja na cha usahihi.

Pili, Kiswahili ni lugha ambishi. Neno watakapotutembelea lina silabi 9, ilhali dhana iyo hiyo kwa Kiingereza hugawika katika maneno manne mafupi. Kuhesabu maneno kwa dakika kwa kutumia vigezo vya Kiingereza ni kumwonea msomaji wa Kiswahili. Katika programu ya Tusome iliyoanza katika shule za msingi za Kenya mwaka 2015, kigezo cha msomaji fasaha kilikuwa maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Kwa mtoto wa elimu maalum, ambaye kila hatua yake ndogo ni ya kuthaminiwa, ipo hoja ya kuhesabu silabi badala ya maneno. Mtoto aliyesoma watakapo- akaishia hapo amesoma silabi nne kati ya tisa. Kwa hesabu ya maneno ameambulia sifuri. Kwa hesabu ya silabi maendeleo yake yanaonekana.

Tatu, ugumu wa silabi za Kiswahili haulingani, na shabaha za muda mfupi zinaweza kupangwa kwa kufuata ugumu huo. Silabi za irabu pekee na za konsonanti na irabu hutangulia, kama katika oa, baba na tatu. Hufuatwa na sauti zinazoandikwa kwa herufi mbili, kama ch, sh, th, dh, gh, ny na ng'. Kisha huja mifuatano kama nd, mb na nj katika ndizi, mbuzi na njia, halafu yenye kiyeyusho kama nywe- katika nywele. Nazali inayosimama kama silabi peke yake, mfano m- katika mtu na n- katika nchi, ina ugumu wake kwa sababu mtoto aliyezoea kuwa kila silabi ina irabu huitafuta irabu isiyokuwapo na kusoma mutu. Silabi funge za maneno ya mkopo zinaweza kuwekwa mwisho. Mpangilio huu haumo katika vitabu vya elimu maalum vilivyoandikwa kwa Kiingereza, bali umo katika fonolojia inayofundishwa katika idara za Kiswahili.

6.0 Kufuatilia Maendeleo

Lengo likiandikwa na kufungiwa kabatini hadi mwisho wa mwaka ni karatasi tu. Kuanzia miaka ya 1970, Stanley Deno na wenzake katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walibuni utaratibu wa kupima mtoto mara kwa mara kwa vipimo vifupi vinavyotokana na yale anayofundishwa. Uzuri wa utaratibu huo ni wepesi wake: kifungu, saa, kalamu na dakika moja.

Turejelee mfano wa mwanafunzi wa Gredi ya Nne. Anaanzia maneno 12 na anakusudia 30 katika wiki 30. Tofauti ni maneno 18, kwa hiyo anahitaji kuongeza wastani wa maneno 0.6 kila wiki. Katika wiki ya 10 anatarajiwa kusoma maneno 18, wiki ya 20 maneno 24, na wiki ya 30 maneno 30. Takwimu hizi zikichorwa kwenye karatasi ya mraba, hupatikana mstari unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia. Kila wiki mwalimu hutia nukta moja inayoonyesha alichosoma mtoto. Kanuni inayotumiwa na wengi ni hii: nukta nne mfululizo zikiwa chini ya mstari, ufundishaji hubadilishwa, nne mfululizo zikiwa juu yake, lengo hupandishwa.

Ikiwa mtoto huyo amesoma maneno 13, 13, 12 na 14 katika wiki ya 3 hadi ya 6, wakati mstari ulitarajia takriban 14, 14, 15 na 16, kanuni inamtaka mwalimu achukue hatua. Ni muhimu kutambua kuwa kanuni haisemi lengo lishushwe. Kinachobadilishwa kwanza ni ufundishaji. Mwalimu akichunguza makosa anaweza kugundua kuwa mtoto hukwama kila anapokutana na silabi kama nywe- na ng'o-, na kwamba muda wake wote unaishia hapo. Dakika kumi za kila siku za kuzoeza silabi hizo kwa kadi zinaweza kuwa ndilo badiliko linalohitajika. Kushusha lengo ni hatua ya mwisho, baada ya njia zaidi ya moja za kufundisha kujaribiwa na matokeo yake kuandikwa.

Upimaji wa namna hii una faida nyingine isiyotajwa mara nyingi. Mtoto ambaye daima huwa wa mwisho katika mtihani wa darasa hana njia ya kujiona akiendelea, kwani nafasi ya mwisho ni ile ile hata akijifunza. Akionyeshwa mchoro wake mwenyewe, anashindana na alivyokuwa wiki iliyopita. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mchoro humwezesha mtoto kukiona kibaba kikijaa.

7.0 Kulinganisha Lengo na Hitaji

Lengo moja haliwafai watoto wote, kwa kuwa mahitaji hutofautiana. Muundo wa Mtaala wa Elimu ya Msingi wa mwaka 2017, ambao utekelezaji wake rasmi ulianza mwaka 2019, unatambua makundi mawili makubwa: wanafunzi wanaoweza kufuata mtaala wa kawaida ukiwa na marekebisho, na wale wanaofuata mtaala wa hatua, kuanzia hatua ya msingi, ya kati, ya maandalizi ya ufundi hadi ya ufundi.

Kwa mtoto asiyeona, malengo ya usomaji hubaki yale yale ya wenzake lakini nyenzo huwa Breli, mfumo wa nukta sita. Kusoma kwa vidole huchukua muda mrefu kuliko kusoma kwa macho, na kigezo cha kasi kinapaswa kuzingatia hilo bila kupunguza uzito wa maudhui. Kwa mtoto kiziwi, lengo la kusoma kwa sauti halina maana. Lugha yake ni Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo ina sarufi yake na huchukua nafasi ya Kiswahili kama somo la wanafunzi viziwi. Ufahamu wake hupimwa kwa ishara au kwa maandishi. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kushika kalamu, kuonyesha jibu kwa kidole au kwa macho ni kitendo kinachopimika sawa na kuandika.

Kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili, swali la kwanza ni ujuzi upi utakaomwezesha kuishi kwa kujitegemea. Kusoma jina lake, la mzazi wake na la kituo anachoshukia matatu. Kutofautisha noti ya shilingi 50 na ya 500. Kutambua bei dukani na maandishi ya mlango wa choo: haya ni malengo ya kitaaluma kamili. Hatari iliyopo ni kuyafanya kuwa dari. Mtoto akishayafikia, kuna haja ya kumwekea mengine, si kumwacha ayarudie hadi atakapotimiza umri wa kuondoka shuleni. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hii haisemi kuwa wapo wasio nazo.

8.0 Lugha ya Faili na Sauti ya Mzazi

Suala la mwisho linagusa lugha yenyewe. Lugha ya kuelezea ulemavu katika Kiswahili imepitia mabadiliko. Nomino nyingi za jadi zina kiambishi ki-: kipofu, kiwete, kilema, kibiongo, kibogoyo. Wapo waliodai kuwa kiambishi hicho, kwa kuwa hubeba pia maana ya udogo na cha vitu, humshusha mtu. Hata hivyo, kiongozi na kijana vina kiambishi hicho hicho bila kudharauliwa, na upatanisho wa nomino hizi zote hufuata A-WA: kipofu amefika, wala si kimefika. Kwa hiyo tatizo halimo katika kiambishi peke yake, bali katika desturi ya kumtaja mtu kwa kasoro yake kana kwamba hana sifa nyingine. Maneno kama mtoto asiyeona na mtoto mwenye ulemavu humtanguliza mtoto. Lengo lililoandikwa vyema hufanya zaidi ya hapo: nafasi ya kiima humpa mtoto, na kitenzi kinachofuata ni cha jambo atakaloweza. "Atasoma", "atatunga", "atahesabu".

Faili nyingi za wanafunzi huandikwa kwa Kiingereza. Mzazi asiyekijua huitwa shuleni, akaonyeshwa mstari, akatia sahihi au kidole gumba. Amekubali asichokijua. Ilhali mzazi ndiye anayejua kuwa mtoto huhesabu mayai nyumbani ingawa hahesabu darasani, kwamba huchoka baada ya kumeza dawa za kifafa, au kwamba humfundisha mdogo wake nyimbo. Maarifa hayo ni sehemu ya kiwango cha sasa. Mpango ukiandikwa kwa Kiswahili, au angalau malengo yake yakafafanuliwa kwa Kiswahili au lugha ya nyumbani, mzazi anapata uwezo wa kuuliza mwishoni mwa muhula: mlisema atasoma maneno 18, je, anasoma mangapi? Hakuna ukaguzi wa shule unaoushinda ukaguzi wa mzazi anayejua cha kuuliza.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa lengo la kitaaluma la mtoto wa elimu maalum huanzia kwenye kiwango cha sasa kilichothibitishwa, huandikwa kwa kitendo kinachoonekana na kigezo kinachopimika, hufuatiliwa kila wiki, na hurekebishwa kwa kubadilisha ufundishaji kabla ya kufikiria kulishusha. Imeonyeshwa pia kwamba vipimo vya Kiingereza haviwezi kuhamishiwa katika Kiswahili bila marekebisho, kwa sababu ya muundo wa silabi na uambishaji.

Kutokana na hayo, kazi tatu zinawasubiri wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Ya kwanza ni kuandaa vifungu vya usomaji vilivyopangwa kwa ugumu wa silabi, ambavyo mwalimu wa kawaida anaweza kuvitumia kwa vipimo vya dakika moja. Ya pili ni kusanifisha istilahi za mpango wa mtu binafsi ili faili ziweze kuandikwa kwa lugha ambayo mzazi anaielewa. Ya tatu, kwa wale watakaokuwa walimu, ni kukataa kunakili lengo la mwaka jana. Mtoto mwenye umri wa miaka minane ana mwaka mmoja tu wa kuwa na miaka minane. Ukipita bila lengo, haurudi.